Komfrei: kando ya lundo la mboji au chini ya miti ya matunda?

Mwenye kipande cha bustani ya kukodi nchini Uingereza anapaswa kuamua mahali pa komfrei, mmea wa kudumu wenye mizizi mirefu ambao majani yake hutumiwa kama mbolea, kabla ya kuchimba shimo la kwanza, kwa sababu kipande chochote cha mzizi kinachosalia ardhini huchipua upya, na kuuhamisha mmea huo baadaye ni kazi ya miaka.

Chini ya mitofaa, komfrei hustahimili kivuli kiasi, maua yake huvutia nyuki, na majani yaliyokatwa hutandazwa papo hapo kuzunguka shina bila kubebwa. Hata hivyo, mti mchanga hunyang'anywa maji na mizizi hiyo mirefu; kwa hiyo ningeukubali mpango huu kwa miti iliyokomaa pekee.

Kando ya lundo la mboji, udongo huwa na rutuba inayovuja kutoka kwenye lundo lenyewe, nayo komfrei, ambayo hupenda sana naitrojeni, huinyonya na kuirudisha kwa njia ya majani yanayokatwa mara kadhaa kila msimu. Pipa la kuvundikia majani hayo yawe mbolea ya maji, ambayo harufu yake ni kali mno, nalo hukaa hapo mbali na jirani. Mimi huchagua hapa, nikiacha sentimita 60 hadi 90 kati ya mche na mche, na kupanda Bocking 14 tu, aina ya komfrei iliyoteuliwa na Lawrence Hills, mtaalamu wa bustani wa Kiingereza, huko Essex katika miaka ya 1950, ambayo haisambai kwa mbegu.