Dalali au kaka wa bajaji? Tulivyotafuta mtaa wa kuishi na watoto Dodoma

Jamani naandika hii kwa ajili ya kina mama na kina baba mnaohamia Dodoma na watoto wadogo, maana mwezi wa 1 shule zikifungua watu wanahama kwa wingi na karibu wote tunaanzia sehemu moja, tunampigia dalali. Mimi ndani ya mwaka mmoja nimetumia njia mbili kutafuta pa kuishi huu mji, ya kwanza dalali, ya pili kijana wa bajaji, na tofauti yake ni kubwa mnoo. Dalali nampa nyota mbili, wa bajaji nampa tano, na naeleza kwa nini.

Mume wangu yuko wizarani na ofisi yao iko Mji wa Serikali kule Mtumba, yeye alitangulia akawa anakaa kwa rafiki yake, mimi nikabaki Tabata kule Dar na watoto, mkubwa miaka minne na mdogo alikuwa na miezi saba. Mwezi wa 11 mwaka jana tukapanda SGR, ile treni ya umeme, nauli daraja la kawaida 31,000, saa tatu na nusu hivi tuko Dodoma, mtoto hata hakulia. Nikasema kama safari imekuwa nyepesi hivi basi na nyumba itapatikana vizuri.

Dalali tulimpata kwa kuona picha zake WhatsApp. Hela ya kuzungushwa 15,000 kwa siku, ukipata nyumba unampa kodi ya mwezi mmoja. Kwa haki yake niseme alikuwa mchangamfu, anafika kwa wakati, siku moja tukaona nyumba tano. Ila sasa nikikumbuka ile siku naona kitu ambacho sikukiona wakati ule, kila tukifika anafungua geti haraka tunaingia ndani, anatuonyesha tailizi, master, gypsum, jiko lina makabati, afu tunatoka tunapanda gari tunaondoka. Hatukutembea hata hatua mia moja nje ya geti. Tulikuwa tunaonyeshwa vyumba tu, mtaa hatukuonyeshwa. Na ilikuwa saa sita mchana mwezi wa 11, ardhi imekauka, mtaa wowote unapitika mwezi wa 11.

Tukachukua nyumba ya vyumba vitatu, laki tatu na nusu kwa mwezi. Mwenye nyumba alitaka miezi sita tukamwomba akakubali mitatu, na hapo Mungu alitusaidia. Jina la mtaa silitaji kwa sababu wapo watu wanaishi kule na maisha yanaenda, na pengine barabara itatengenezwa. Nyumba yenyewe nzuri kweli, sina neno nayo. Shida ilikuwa kati ya nyumba na barabara ya lami kuna korongo, likiwa kavu unalivuka bila hata kujua kwamba umevuka kitu.

Asiyeijua Dodoma anaweza kudhani ni mji wa ukame tu mvua haimhusu. Huku mvua ni msimu mmoja, kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa 4 hivi, kwa mwaka mzima haifiki hata milimita 600, lakini ikija inakuja kwa fujo kwenye ardhi ngumu isiyonywa maji haraka, kwa hiyo yale makorongo yaliyokaa makavu miezi saba yanageuka mto ndani ya nusu saa. Mwezi wa 1 mdogo alitimiza miezi tisa, siku ya chanjo ya surua na rubela, usiku ilikuwa imenyesha. Nikapiga simu bajaji tatu zote zinauliza uko wapi, nikitaja mtaa wanasema dada huko leo hapana. Bodaboda mmoja akaja mpaka ng'ambo ya korongo akasimama. Nikamfunga mtoto mgongoni, kadi ya kliniki nimeiweka kwenye mfuko wa nailoni, viatu mkononi, nikavuka maji yanafika magotini. Nilifika kliniki nikachanjiwa mtoto vizuri, ila nililia ile siku, na usiku nikamwambia mume wangu miezi mitatu ikiisha hapa hatukai.

Dalali nilimpigia kumuuliza kama alijua. Akasema dada mimi nilikuonyesha nyumba na nyumba umeipenda. Na kweli, ndo kazi niliyomlipa. Hata hivyo aliijua ile njia, na aliona nimebeba mtoto mchanga, neno moja tu lingetosha.

Sasa yule wa pili. Kwenye ile miezi mitatu kuna kijana wa bajaji alikuwa ananibeba kwenda sokoni Majengo, mstaarabu, haendeshi kwa fujo ukiwa na mtoto. Mwezi wa 3 nikamwambia kaka nataka kuhama, nikulipe nusu siku unizungushe mitaa, sitaki kuona nyumba kwanza nataka kuona mitaa. Tukakubaliana 30,000. Na nikamuuliza swali moja ambalo naomba mliibe mlitumie: kila mtaa tukifika uniambie, saa nne usiku mvua inanyesha mtoto ana homa nikikupigia simu, utakuja au hutakuja?

Aise yule kijana alinijibu kwa ukweli ambao sijawahi kuupata kwa mtu yeyote anayehusika na nyumba. Kuna mtaa wenye lami mpaka nusu akasema hapa nakuja mpaka pale kwenye ule mti, mbele ya pale siji. Kuna mwingine akasema nakuja ila bei mara mbili kwa sababu nikirudi naosha injini. Kuna sehemu akasema hapa nakuja hata usiulize, njia ya juu haishiki maji. Watu wa bajaji wanajua kila shimo, taa za barabarani zinaishia wapi, mbwa wanafunguliwa saa ngapi, na hawapati kamisheni ukipanga huku au kule.

Tulianza saa 12 asubuhi, hilo nalo nilitaka mwenyewe, kwa sababu asubuhi ndo mtaa unajionyesha. Unaona watoto wa shule wanapita wapi, unaona gari za shule. Hili la gari za shule naomba nilieleze maana linaumiza watoto. Ukikaa mbali na shule, gari linamchukua mtoto saa 11 na nusu alfajiri afu linazunguka mji mzima kuokota wengine, mtoto wa miaka minne anakaa kwenye gari saa nzima na nusu, anafika darasani amelala. Mwanangu alipitia hayo tukiwa nyumba ya kwanza. Kwa hiyo mimi nasema tafuta shule ya awali kwanza, afu chora duara la kutembea kwa mguu dakika kumi na tano za mtoto, nyumba itoke humo. Mume wangu alitaka Ihumwa au Nzuguni ili awe karibu na Mtumba, tukabishana siku mbili. Nikamwambia wewe unatoka mara moja unarudi mara moja, mimi na watoto tunatoka mara tano kwa siku, dukani, shule, kliniki, gengeni, shule tena. Akaelewa.

Kuhusu mitaa yenyewe nasema nilivyoiona mimi. Area C na Area D pametulia, ni karibu na mjini, lami ipo sehemu nyingi, ila kodi zake kwetu zilikuwa juu na nyumba nyingi zina fensi ndefu, mtoto anakua hamjui mtoto wa jirani. Majengo na Chang'ombe ni uhai mtupu, kila kitu mlangoni, mama ntilie, genge, fundi, kodi nafuu, ila tulizoonyeshwa ni nyumba za uani choo cha kushea na mimi nina mtoto anayetambaa, nikashindwa. Iyumbu kwenye nyumba za NHC, yaani Shirika la Nyumba, na upande ule wa chuo kikuu, UDOM, ni pazuri kwa mtu mwenye gari, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ipo karibu, sisi gari hatuna na maduka niliona ni machache. Nzuguni ni kubwa huwezi kuisema kwa neno moja, ina stendi kuu na soko la Job Ndugai, kuna sehemu zake nzuri sana na kuna sehemu ambazo kaka alinyamaza tu akageuza bajaji. Na mwezi wa 8 kwenye Nanenane ule upande unajaa watu na foleni, ukijua mapema unajipanga.

Kitu kimoja cha kuusifu huu mji, tangu makao makuu yalipoamuliwa kuhamia huku mwaka 1973 na CDA ikaundwa, mamlaka ya kuujenga mji, viwanja vingi vimepimwa, kwa hiyo hata mtaa mpya unakuta nyumba zimepangwa na njia imeachwa pana. Mgeni anadanganyika hapo hapo, anaona njia pana imenyooka anadhani ni barabara. Njia iliyoachwa kwenye ramani ni jambo moja, kuwekwa mtaro na kokoto ni jambo lingine kabisa.

Tulipo saivi ni Ilazo. Kutoka getini mpaka shule ya mtoto ni dakika tisa kwa miguu yake, genge dakika tatu, na baba yake anatembea kidogo anashika usafiri wa barabara ya Dar. Nyumba ni ndogo kuliko ile ya kwanza, vyumba viwili, 280,000, jiko halina makabati. Kabla ya kulipa nilifanya vitu viwili ambavyo mwanzo sikufanya. Kwanza nilienda ofisi ya serikali ya mtaa nikamuulizia mwenye nyumba, wakanithibitishia ni yake kweli, na mjumbe akanionyesha kwa kidole maji ya mvua huwa yanapita wapi. Pili nilirudi peke yangu jioni nikaangalia maji ya kutumia.

Maji Dodoma ni mada peke yake. Mji umekua haraka mno tangu serikali ihamie, chanzo kikubwa ni vile visima vya Mzakwe, na kwenye mitaa mingi bomba linatoka kwa zamu. Usimuulize mwenye nyumba kama maji yapo, atakwambia yapo. Angalia madumu. Ukikuta kila uwani madumu ishirini yamepangwa na boza la maji linapita mtaani hapo ujue zamu ni ndefu. Gonga simtanki lisikie kama lina maji, uliza jirani yanatoka siku gani na usiku au mchana, kwa sababu mwenye mtoto mchanga anafua kila siku. Huku kwetu yanatoka siku tatu kwa wiki na tanki la lita 2,000 linatutosha tukibana. Maji yenyewe yana chumvi, birika linaweka ukoko mweupe, ya kunywa tunanunua.

Mapungufu ya huku yapo. Kuanzia mwezi wa 6 usiku baridi kali kwa aliyezoea Dar, mwezi wa 7 na wa 8 upepo unabeba vumbi, na kwa kuwa kila mahali wanajenga, malori ya mchanga yanapita njia ya nyuma, mdogo alikohoa wiki mbili. Tulihamisha kitanda chake chumba cha mbele na nafuta sakafu kwa kitambaa kibichi mara mbili kwa siku. Ukiwa na mtoto mwenye pumu kaa mbali na njia ya malori, hili kaka wa bajaji hakuniambia na mimi sikuuliza, kosa letu sote.

Jumla ya gharama kwa anayependa hesabu: dalali laki tatu na nusu pamoja na 15,000 ya kuzungushwa, afu kirikuu cha kuhamisha vyombo mara ya pili. Bajaji 30,000, na nyumba tuliipata kwa karatasi iliyobandikwa dukani, mwenye nyumba tukaongea naye uso kwa uso. Nilimwongezea kaka 20,000 ya shukrani, hakuomba.

Mwezi ujao mdogo anafikisha mwaka na nusu, chanjo ya pili ya surua, na mvua bado hazijaanza. Nitatembea naye kwa mguu mpaka kliniki, njia naijua, mtaro upo kushoto. Mwenye nyumba ameshauliza kama tunaendelea, tumemwambia ndio, ila atuwekee tanki la pili.