Taa mbili ndogo za LED na usiku wa kibatari: uzoefu wangu wa kupiga picha za giza katika filamu ya vikaragosi

Mwezi Machi nilinunua Kariakoo taa mbili bapa za LED, kila moja ikikaribia ukubwa wa daftari dogo, kwa ajili ya onyesho moja la filamu yangu fupi ya vikaragosi, ninayoipiga picha moja moja huku nikimsogeza kikaragosi kidogo kidogo: bibi anaamka usiku wa manane, anawasha kibatari, kisha anasimama kusikiliza mlangoni. Sitaji chapa, kwa sababu taa hizohizo huuzwa kwa majina mengi, lakini sifa zake ni zile utakazozikuta karibu kila duka: rangi ya mwanga kuanzia Kelvini 3200 (ya njano) hadi 5600 (nyeupe kama ya mchana), kitufe cha kuzungusha kinachopunguza mwanga hadi asilimia 10, betri ya kuchomeka nyuma na tundu la adapta. Nililipa shilingi 95,000 kwa kila moja, nami nimezitumia kwa miezi minne.

Kosa langu la kwanza ni lile ambalo nadhani wengi hulifanya. Nilitaka usiku, basi nikazungusha kitufe hadi mwisho wa chini. Nikaweka ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, 1600, na muda wa shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) wa sehemu moja ya 60 ya sekunde, kana kwamba narekodi video ya harusi. Nilipotazama fremu zangu zikipita mfululizo, ukuta wa udongo nyuma ya bibi ulikuwa unapepesa kama mtu mwenye homa, na pembe zenye kivuli zilijaa chembechembe za rangi.

Chanzo cha kupepesa huko kilikuwa namna taa zenyewe zinavyopunguza mwanga. Hazipunguzi nguvu ya umeme. Zinawaka na kuzimika mara nyingi sana kwa sekunde, na kadiri unavyoteremsha kitufe ndivyo muda wa kuzimika unavyorefuka kuliko muda wa kuwaka. Jicho halioni. Kamera, hata hivyo, inapofungua shata kwa muda mfupi hudaka mapigo machache tu, na fremu moja ikidaka matatu na inayofuata ikadaka manne, tofauti ya mwanga huonekana waziwazi filamu inapochezeshwa. Nilipoongeza muda wa shata hadi sekunde 2, mapigo yaliyodakwa yakawa mengi kiasi kwamba moja kuzidi au kupungua hakukuwa na athari tena. Sisi tunaofanya kazi na vikaragosi tuna bahati ambayo wapigaji wa filamu za waigizaji hai hawana: bibi yangu hapumui wala hapepesi jicho, kwa hiyo shata inaweza kubaki wazi kwa muda wowote ninaoutaka. Tangu siku hiyo napiga kila onyesho la usiku kwa ISO 100, tundu la lenzi dogo la f/11 ili seti nzima ionekane kwa ukali, na sekunde 2 kwa kila picha.

Kitufe chenyewe sikigusi tena. Taa hubaki kwenye asilimia 100, ambapo rangi yake ni safi (chini kabisa huelekea kijani, na kijani juu ya uso ni taabu kukiondoa), na ninapunguza mwanga kwa kuisogeza taa mbali. Ukiitoa sentimita 60 na kuiweka sentimita 120, mwanga unaofika kwenye seti huwa takriban robo ya ule wa awali, na faida ya ziada ni kwamba taa iliyo mbali hutoa vivuli vyenye kingo kali, vile ambavyo mbalamwezi hutoa. Pale ambapo nafasi haikutosha, kwa kuwa ninafanyia kazi chumba changu cha kulala, nilitundika kipande cha shuka jeusi kilichokatwa tundu dogo mbele ya taa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu lilibadilisha kazi yangu yote: onyesho la giza linahitaji mwanga wa kutosha uliopangwa vizuri. Sehemu kubwa ya fremu inaweza kuwa nyeusi, lakini lazima pawepo na mstari unaong'aa mahali fulani ili jicho lipime weusi huo kwa kuulinganisha nao. Picha nazipiga zikiwa angavu kidogo kuliko ninavyotaka, nahifadhi faili ghafi (RAW, ambayo kamera haijaibana), kisha nazitia giza kwenye kompyuta, na chembechembe hazionekani. Aliyepiga gizani hawezi kurudisha kile ambacho kamera haikukipokea.

Bibi yangu nimemtengeneza kwa silikoni ya kahawia iliyokolea, na hapa ndipo taa ndogo zilipojithibitisha. Mwanga wa mbele ulimfanya aonekane bapa na mwenye majivu. Nilipoweka taa moja nyuma yake upande wa kushoto, juu kidogo ya paa la nyumba, mwanga uliteleza kwenye paji la uso na shavu, nikaona umbo lote la uso bila ya kuangaza chumba. Nilimpaka mafuta ya mgando kidogo sana mahali ambapo vidole vyangu havigusi, kwa maana ngozi nyeusi usiku husimulia umbo lake kwa mng'ao. Nimechoka kuona filamu ambamo watu weusi wakiingia gizani hubaki macho na meno tu, na ninaamini hilo ni suala la mahali taa ilipowekwa.

Kuhusu rangi, niliiweka kamera kwenye Kelvini 3200, yaani ihesabu mwanga wa njano kuwa mweupe, na taa kwenye 5600, basi mbalamwezi ikawa ya buluu bila kichujio chochote. Kibatari ni taa ya LED ya milimita 3 iliyofungwa karatasi ya pipi ya rangi ya chungwa, inayopata umeme kutoka chaja ya simu kupitia kizuizi cha omu 220 kinachopunguza umeme. Kila fremu niliipiga mara mbili, mara moja kwa mbalamwezi peke yake na mara nyingine kwa kibatari peke yake. Dragonframe, programu ninayoitumia, inaruhusu fremu moja kuwa na picha zaidi ya moja, kwa hiyo nilizijumlisha baadaye na kuuchezesha mwali wa kibatari nilivyotaka. Onyesho la sekunde 9, kwa fremu 12 kwa kila sekunde, likahitaji picha 216 badala ya 108. Programu hiyo ingeweza kuwasha na kuzima taa yenyewe kwa njia ya DMX (mfumo wa kuamuru taa kwa waya), lakini taa hizi hazina tundu la DMX, hivyo mikono yangu ndiyo iliyofanya kazi hiyo.

Kasoro nyingine ni mbili. Taa hupungua mwanga kidogo zinapopata joto, kwa hiyo naziwasha nusu saa kabla ya fremu ya kwanza. Pia hazikumbuki mahali zilipokuwa: umeme ulikatika nikiwa fremu ya 61, na uliporudi taa ziliwaka kwa rangi tofauti, nikalazimika kulinganisha kwa macho hadi usiku wa manane. Betri hazinisaidii, kwa sababu hufifia polepole katika kazi ya saa sita, na kufifia huko huonekana kwenye filamu kama alfajiri inayorudi nyuma.

Anayezinunua kwa kazi hii aambatanishe na fulana nyeusi, maana fulana yangu nyeupe iliakisi mwanga ukutani na kuniharibia fremu 14. Mimi nimeshanunua taa ya tatu. Itakaa nje ya dirisha la bibi, sentimita 150 kutoka ukutani, kwa onyesho linalofuata, ambapo mlango unafunguliwa na kibatari kinazimwa na upepo.