Uma wa nyuma wa trakta kwa kazi ya kuni: wa kununua ni upi hapa Lubumbashi

Mashine ya kupasulia magogo yenye injini yake huja na magurudumu mawili madogo, yanayofaa kwenye sakafu ya saruji. Ipeleke porini upande wa Kasenga au Kipushi mwezi wa Januari, bulongo ikiwa imelowa, magurudumu yale yanazama hadi ekseli na watu wanne wanaisukuma bure. Msumeno wa meza nao hauna hata gurudumu. Jenereta, pipa la mazutu, sanduku la shoka na kabari, vyote vinabebwa kwa mkono kila rundo la magogo linapoisha. Uma unaofungwa nyuma ya trakta kwenye pointi tatu (mikono miwili ya chini inayoinuliwa na haidroliki na mmoja wa juu) unaimaliza kazi hiyo: trakta moja inachukua kifaa, inakiweka kwenye rundo jipya, inarudi kuchukua kingine, bila kuufungua wala kuufunga uma wenyewe katikati.

Wanaotafuta uma huu mjini hukuta aina tatu. Upo unaotoka nje ukiwa kamili, fremu na meno. Upo unaochomelewa hapahapa wote, meno yakikatwa kwenye bamba au kwenye bomba la mraba. Na upo wa kuchanganya: fremu ya fundi wa hapa, meno ya kiwandani yaliyotoka kwenye foklifti, gari la kuinulia mizigo ghalani. Huu wa tatu ndio bora kwa pesa yako, na sababu iko kwenye kisigino cha jino.

Kisigino ni pale jino linapokunjika kutoka kusimama hadi kulala. Nguvu zote za mzigo zinakutana hapo. Jino la kiwandani ni chuma kimoja kilichokunjwa kikiwa cha moto, kisha kikaimarishwa kwa joto, halina kiungo. Jino la kuchomelea lina mshono papo hapo kwenye kisigino, na mshono huo hauonyeshi dalili mapema. Unashika mizigo mingi midogo, kisha siku trakta inaporuka shina lililokatwa, jino linaanguka na mashine juu yake. Bomba la mraba ni baya zaidi: kuta zake zinabonyea kwa ndani kabla hujaona jino limepinda. Uma wa namna hiyo tunaukataa hata ukiuzwa nusu ya bei.

Meno ya foklifti yaliyotumika yanakaguliwa hivi. Sehemu inayosimama haisuguliwi na kitu, kwa hiyo unene wake ndio unene wa asili. Ipime kwa kalipa, kisha pima kisigino. Jino la milimita 40 likibaki 36 kwenye kisigino, liache. Upungufu wa asilimia 10 tu wa unene unaondoa karibu moja ya tano ya nguvu, maana nguvu ya kupinda inafuata mraba wa unene. Baada ya hapo safisha kisigino kwa brashi ya waya, paka mafuta ya taa, subiri dakika kumi na tano hivi, pangusa hadi kikauke, halafu pakaa chaki. Ufa ukiwepo, mafuta yatatoka ndani yake na kuchora mstari mweusi mwembamba kwenye chaki. Linganisha pia ncha za meno mawili yakiwa yametundikwa: moja ikiwa chini kuliko nyingine kwa zaidi ya sentimita tatu, jino limekwisha kupinda. Na usikubali jino lililotobolewa, kupashwa moto au kuchomelewa mahali popote, hata kama muuzaji anasema "ni kidogo tu". Joto la kuchomelea linaondoa uimara uliowekwa kiwandani.

Kwa urefu, milimita 1,070 zinatosha. Meno ya 1,220 yanaonekana mazuri dukani, lakini porini ncha zinapita nyuma ya kifaa na kuchoma rundo la magogo kabla dereva hajajua.

Fremu ndiyo kazi ya fundi wetu, na wapo wanaoifanya vizuri sana. Mpe vipimo, usimwachie kukisia. Meno ya daraja la pili, ambayo ndiyo mengi kwenye foklifti za tani moja hadi mbili na nusu, yanahitaji fremu yenye milimita 407 kutoka ukingo wa juu wa baa ya juu hadi ukingo wa chini wa baa ya chini. Yakiwa ya daraja la tatu ni 508. Pini za mikono ya chini ni milimita 22 kwa trakta ndogo za daraja la kwanza na 28 kwa daraja la pili (hapa ni daraja la pointi tatu za trakta, si la meno). Pini ya mkono wa juu ni 19 na 25. Pini ya 22 ikiingia kwenye tundu la 28 bila bushi, inacheza, inakula tundu, na uma mzima unaanza kupiga kelele kabla ya mwezi kwisha. Elektrodi za kuchomelea fremu ziwe za aina ya 7018, tena kavu. Masika elektrodi zilizolala kwenye boksi wazi zinavuta unyevu, na mshono wake unapasuka ndani hata kama nje unang'aa. Mwisho, kila jino liwe na pini ya kulizuia lisiteleze kwenye baa. Fundi wengi wanaisahau hiyo.

Sasa uzito, ambapo wengi wanadanganywa na karatasi ya trakta. Kilo zinazoandikwa hapo mara nyingi ni za kwenye ncha za mikono ya chini. Mzigo wako hauko hapo, uko zaidi ya nusu mita nyuma yake. Chukua trakta ya kilo 2,000 yenye ekseli ya mbele inayovuta, ikibeba kilo 800 mbele, na mita 2 kati ya ekseli. Kifaa na uma pamoja ni kilo 400, kitovu cha uzito kikiwa mita 1.65 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zidisha 400 kwa 1.65, gawa kwa 2: ekseli ya mbele inapoteza kilo 330, zinabaki 470. Kanuni ni kwamba mbele isishuke chini ya moja ya tano ya uzito wa trakta, yaani kilo 400 hapa. Umepita. Ongeza mzigo hadi 500, zinabaki 388, na usukani unakuwa mwepesi kwa namna ya kutisha. Trakta ya uzito uleule ya magurudumu mawili yanayovuta, yenye kilo 700 mbele, inashindwa tayari kwenye 400. Dawa ni uzito wa chuma kwenye pua ya trakta. Kumkalisha mtu kwenye boneti, kama inavyofanyika porini, ni kumweka mahali pa kufia.

Kwa hiyo uma huu ni wa vifaa. Kreti ya mita moja ya ujazo ya kuni kavu za muputu zilizopangwa hupita kilo 500, na kuni mbichi zaidi ya hapo. Ukitaka kubeba kuni zenyewe, tengeneza kreti za nusu. Wala usitegemee kupakia lori: mikono ya nyuma haiinui meno hadi kwenye kitanda cha Fuso. Kwa hilo unahitaji uma wa mbele wenye mitungi yake ya haidroliki, na bei ni ya ulimwengu mwingine.

Kifaa kinahitaji miguu ya kubebea. Funga kwa boliti mbao mbili za sentimita 10 kwa 10 chini ya mashine ya kupasulia, zikielekea upande uleule wa meno, kila moja nje kidogo ya njia ya jino, ili meno yaingie chini ya fremu ya chuma na si chini ya bati la tangi la mafuta. Paleti za mbao zinazookotwa kwenye maghala hazifai kwa injini inayotetemeka, misumari inalegea. Funga kwa mkanda wenye kikazio (racheti) kutoka kwenye kifaa hadi kwenye fremu ya uma.

Kwa shoferi: tumia wenzo wa nafasi, ule unaoshika mikono kwenye kimo ulichoweka, usiguse ule wa mvuto wa jembe. Ukibeba mzigo kwa wenzo wa mvuto, mikono inapanda na kushuka yenyewe kila mkono wa juu unaposukumwa au kuvutwa, na kifaa kinarukaruka. Kaza minyororo ya pembeni mpaka uma usiyumbe zaidi ya vidole viwili. Rekebisha mkono wa juu ili ncha za meno ziwe juu kidogo kuliko visigino ukiwa umeinua, kisha angalia tena ukishusha, maana pembe hubadilika njiani. Safari ifanyike mzigo ukiwa sentimita 20 hadi 30 juu ya ardhi. Vichuguu vya huku ni vikubwa. Vizunguke kwa mbali, gurudumu moja likipanda ubavu wa kichuguu trakta inalala upande wa pili na mzigo unaongeza msukumo. Ukifika, teremsha meno hadi chini kabla ya kuzima injini. Mtungi wa haidroliki unavuja ndani kidogokidogo, na hakuna anayepaswa kuweka mguu chini ya kitu kinachoning'inia.

Barabarani meno matupu ni mikuki. Manseba, yaani dereva wa pikipiki ya kukodi, anayekuja nyuma usiku hayaoni. Chagua fremu ambayo meno yanakunjika juu au yanatoka kwa pini moja, na yatoe kila unapoingia lami. Fremu isiyo na nafasi hiyo tungemrudishia fundi aiongeze kabla ya kumlipa salio.