Kifurushi cha Zanzibar kwa wasiowahi kuvuka mpaka: tulicholipia na tulichopata

Chama chetu cha akiba kiko Nakuru na kina wanawake wa kila aina: wauza mboga wa jumla, mwalimu mstaafu, mwenye saluni, na mimi fundi wa cherehani. Mwaka mzima tulikuwa tukitenga pesa za Zanzibar kando na za mikopo. Pesa zilipotimia, hofu nayo ikatimia. Ukimwondoa mmoja wetu ambaye huvuka Busia kununua vitenge, hakuna aliyewahi kutoka Kenya, na bahari wengi tuliijua kwa picha za harusi za watu.

Tulienda na wakala, kampuni ndogo ya Nairobi. Jina silitaji, kwa sababu nina la kuwasifia na la kuwalalamikia, na hilo la pili si dogo. Ila nadhani yaliyotupata yatamfaa yeyote anayejiuliza kama alipe wakala au ajipangie mwenyewe.

Kifurushi kilikuwa shilingi 58,000 za Kenya kwa kila mtu, wawili chumba kimoja. Ndani yake kuna tiketi ya ndege Nairobi hadi Unguja kwenda na kurudi, chumba na kiamsha kinywa, gari la kutupokea na kuturudisha uwanjani, ziara ya Mji Mkongwe, pamoja na bima ya lazima ya wageni ambayo Zanzibar iliianzisha tarehe 1 Oktoba 2024, dola 44 kwa mtu mzima. Chakula cha mchana na cha jioni ni juu yako. Wanakubali lipa mdogo mdogo, na hapo ndipo walipotunasa.

Hofu ya kwanza haikuwa ya ndege wala ya maji. Ilikuwa ya matapeli. Kila mtu ana hadithi ya kikundi cha kanisa kilichofika uwanja wa ndege kikakuta tiketi ni karatasi tu. Mweka hazina wetu ni mtu mgumu, na nitawasifu wale vijana kwa kumvumilia. Alitaka kuona leseni yao ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, wakaileta. Akakataa kutuma pesa kwa nambari ya simu ya mtu, wakampa paybill, ile nambari ya M-Pesa ya biashara, yenye jina la kampuni. Tulipomaliza malipo ya tiketi, walitutumia zile herufi sita za tiketi, nikaingia kwenye tovuti ya shirika la ndege lenyewe, si ya wakala, nikaandika herufi na jina langu la ukoo. Jina langu likatokea, kama lilivyo kwenye pasipoti, na kiti hakijachaguliwa. Usiku huo nililala. Wakala yeyote anayekuzungusha ukiomba hizo herufi, mkimbie.

Kitu bora kabisa nilichopata kwa hizo 58,000 si hoteli. Ni jioni moja waliyomtuma msichana wao kutoka Nairobi hadi Nakuru, akaketi nasi kwa mwenyekiti, chai na ngwaci, yaani viazi vitamu, mezani, akajibu maswali yetu mpaka giza likaingia. Maswali mengine nilijua ni ya aibu. Hakucheka hata moja.

Tulidhani kitambulisho kinatosha, kwa kuwa sote ni Afrika Mashariki. Alituambia Uganda na Rwanda Mkenya huingia kwa kitambulisho, Tanzania hapana, na akatusukuma tuombe pasipoti mapema kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Ile ya kurasa 34 siku hizi ni shilingi 7,500. Viza Mkenya hahitaji, unagongwa muhuri tu. Halafu akaja kwenye kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Sindano inapaswa kuchomwa siku 10 au zaidi kabla ya kusafiri, na tangu Julai 2016 kadi moja inatosha maisha yako yote. Mama mmoja, simtaji, akauliza kwa sauti ya chini kama kadi inaweza kupatikana bila sindano. Msichana alikataa papo hapo, akasema watu huzuiwa uwanjani kwa kadi za namna hiyo. Kwa mwalimu wetu, ambaye ameshapita miaka 60, alisema jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu anayeuza tiketi: asikimbilie kuchomwa, amwone daktari kwanza, kwa sababu chanjo hiyo kwa mtu wa umri wake anayechomwa mara ya kwanza inahitaji kuangaliwa. Angeweza kunyamaza auze. Unguja, kadi iliangaliwa kabla hata sijaitoa pasipoti kwenye mkoba.

Pesa. Alitueleza kwamba tangu 2025 Tanzania imekataza bei za ndani kutajwa au kulipwa kwa dola, kwa hiyo tubadilishe tupate shilingi zao, na tubadilishe kidogo kidogo kwenye maduka yanayotoa risiti. Shilingi yetu moja ilikuwa kama ishirini kwao, jambo lililompa mwenye saluni wazimu wa siku nzima, kila kitu kinasomeka maelfu. M-Pesa ya Kenya isikupe kiburi: muuza juisi ya miwa pale Forodhani, bustani ya vyakula ya Mji Mkongwe, anataka noti. Plagi za umeme ni zilezile zetu za miguu mitatu, saa ni ileile. Haya yalipita haraka.

Nguo ndizo zilizochukua muda, na hapa nazungumza kama fundi. Nusu ya chama walikuwa hawaingii baharini hata wangelipwa, kwa sababu waliona kuingia baharini ni lazima uvae zile nguo za picha za mtandaoni. Msichana alisema ufukweni mwa hoteli uko huru, lakini kijijini na Mji Mkongwe funika mabega na magoti, wenyeji ni Waislamu na ni mji wao. Akaongeza kwamba hakuna anayelazimishwa kuvua. Basi nikashona. Nilitumia kitambaa cha kuvutika, kile cha nguo za mazoezi, nikatoa magauni ya kufika chini ya goti na kaptura ndani yake, mikono hadi kwenye kiwiko. Dera la pamba, niliwaambia, likishalowa linakuwa zito kama gunia la viazi na linakuzonga miguuni. Hilo acheni la kutembelea. Yale magauni yalikauka kwenye kamba kabla ya chakula cha jioni. Tangu turudi nimeshonea watu wengine, na hilo si tangazo, ingawa ukitaka utaniona.

Safari ya ndege yenyewe haichukui hata saa mbili, na waliolia walilia wakati wa kupaa tu. Ukienda, kaa upande wa kulia dirishani, maana Kilimanjaro iko upande huo. Kuna mama alishika rozari kutoka Nairobi na alipouona mlima ule na theluji yake chini ya dirisha, rozari ikaanguka, hakuitafuta mpaka tulipotua.

Sasa lalamiko.

Walitulaza Jambiani, pwani ya mashariki. Hoteli safi, chandarua kizima, maji ya bomba yana chumvi kidogo lakini yapo. Asubuhi ya kwanza tulivaa magauni yetu mapya, tukateremka ufukweni wote kwa pamoja, karibu saa nne, na bahari haikuwepo. Sitii chumvi. Mchanga, madimbwi, mashua zimelala ubavu, na mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi kwenye mwamba. Mwenyekiti akamuuliza mlinzi wa hoteli kama kuna kitu kimeharibika. Mlinzi, Mungu ambariki, alimwambia, "Shikamoo mama. Maji yamekupwa, yatarudi alasiri inshallah."

Mtu wa pwani anayesoma hapa anacheka. Acheke. Sisi tumekulia kwenye ziwa ambalo lipo mahali pake asubuhi na jioni. Maji ya bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, takriban saa sita kati ya kupwa na kujaa, na kila siku hujongea mbele kama dakika 50. Tulifika mwezi ukiwa mpevu, wakati wa bamvua, ambapo tofauti ya kina kati ya maji kujaa na kupwa Unguja hukaribia mita nne. Na pwani ya mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, ni tambarare mpaka kwenye mwamba, kwa hiyo maji yakiondoka yanaondoka mamia ya mita. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, ufukwe una kina, unaogelea karibu saa zote. Haya yote wakala anayajua. Ni kazi yake. Jioni ile ya ngwaci hakuyataja, kwa sababu hakuna aliyeuliza, na hakuna aliyeuliza kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ni swali. Jambiani huwa rahisi kuliko Kendwa. Nadhani unaona kwa nini walituweka huko.

Nilimpigia simu msichana nikiwa nimekasirika. Hakujitetea sana. Alisema atazungumza na kijana wao wa Unguja, na kwa kweli aliyeiokoa safari ni huyo kijana, mzaliwa wa Makunduchi, mpole, anayeita kila mtu mama hata wale wanaojiona wasichana. Alibadilisha ratiba yote kufuata maji. Mji Mkongwe ukawa asubuhi badala ya alasiri. Bahari ikawa saa tisa, saa kumi, maji yakiwa yamejaa hadi kwenye ngazi za hoteli. Na asubuhi moja maji yakiwa yamekupwa alituambia tuvae sandak za plastiki, kwa sababu ya wale wadudu weusi wa miiba walioko kwenye mawe, akatupeleka kwa akina mama wanaolima mwani.

Hapo mwenyekiti wetu, ambaye maisha yake yote ni mboga, alisahau kwamba yuko likizo. Mwani unafungwa vipande vipande kwenye kamba, kamba inafungwa kwenye vigingi vilivyochomekwa mchangani, unaachwa maji yauogeshe na kuukuza. Mama mmoja alikuwa ameinama, maji ya vifundoni, anakaza mafundo kwa vidole viwili, haangalii, huku akimjibu mwenyekiti kuhusu madalali na bei ya kilo. Walielewana kabisa. Malalamiko ya mkulima juu ya dalali ni yaleyale Njoro na Jambiani. Lile lingine tulilokuwa tukiliogopa, kwamba tutachekwa kwa Kiswahili chetu, liliyeyuka hapo. Walichotaka ni tusalimie kwanza kabla ya kuuliza bei.

Kuhusu kuzama, kijana aliwaingiza baharini wawili wawili, mpaka kiunoni, akawafundisha kupumua kwa mdomo ndani ya ile miwani yenye bomba kabla hawajainamisha uso. Mwalimu mstaafu alikataa mara ya kwanza, akakataa ya pili, kisha akainama, na tukasubiri, tukasubiri. Alipoinua uso alimwambia kijana, "Kuna samaki wa njano hapa miguuni mwangu," kana kwamba ni kosa lake.

Mengine madogo. Chakula cha jioni hotelini ni ghali kwa mfuko wetu. Tulikuwa tukila kijijini, pweza wa nazi na wali, kwa bei ambayo haiumi. Forodhani usiku urojo, ule mchuzi mzito wa Zanzibar, ni lazima, na waulize bei kabla hawajakukatia chochote. Mapapasi wa ufukweni, wale vijana wanaowaandama wageni wakiwauzia hiki na kile, watakufuata, hasa mkiwa wanawake pekee. "Asante kaka, hapana" iliyosemwa bila kusimama ilitosha. Ziara ya Mji Mkongwe ilikuwa ya haraka mno kwa ladha yangu, na pale kwenye kanisa la Kianglikana lililojengwa soko la watumwa lilipokuwa, tulihitaji muda zaidi ya tuliopewa. Kuna vyumba vya chini ambavyo huwezi kusimama wima. Baadhi yetu walitoka kimya, na dereva tayari alikuwa anapiga honi.

Nawapa nyota tatu na nusu. Zote tatu ni za ile jioni ya Nakuru, herufi za tiketi na kijana wa Makunduchi. Nusu ni kwa kuwa simu ilipokelewa nilipokuwa na hasira. Kwa mtu wa mara ya kwanza, hasa kikundi cha watu wazima wenye hofu zao, wanastahili pesa. Mara ya pili sitawahitaji: tiketi nitanunua mwenyewe, bima naweza kuinunua mwenyewe moja kwa moja kwa Shirika la Bima la Zanzibar, na nambari ya kijana ninayo.

Ukienda nao, omba Kendwa au Nungwi. Wakikuvuta Jambiani kwa sababu ya bei, si pabaya, mimi ningerudi kwa ajili ya wale akina mama wa mwani. Ila waambie wakuandikie saa za maji kujaa kwa kila siku utakayokuwa huko, kabla hujalipa salio.