Linux Mint kwenye diski ya nje: uzoefu wangu kati ya Shangani na Mikindani

Natunza hesabu za vikoba viwili, kimoja hapa Mtwara mjini na kingine Mikindani, na kompyuta yangu mwenyewe sina. Ndiyo maana niliagiza Dar diski ya SSD ya GB 240 na kasha lake la USB, jumla 95,000 pamoja na gharama ya mzigo kwenye basi, nikaweka humo Linux Mint, mfumo wa bure unaoendesha kompyuta badala ya Windows. Nilitaka nichomeke kwenye kompyuta yoyote niliyoazimwa, nifanye kazi, nichomoe, niondoke na mafaili yangu mkobani.

Kuiweka hakukunisumbua. Nilipakua Mint kwa bando la usiku, karibu GB 3, nikaiandika kwenye fleshi, nikaazima laptopu ya kaka anayekaa Shangani, hapahapa mjini. Kwenye kuchagua diski nilikagua mara mbili, nisije nikafuta ya mwenyewe. Ikawaka vizuri, tena haraka kuliko Windows yake.

Nikachomoa, nikapanda daladala ya Mikindani. Kwa katibu wa kikoba nikachomeka, nikabonyeza F9 ili nichague diski ya kuwashia, maana yake ni HP, diski yangu haimo hata kwenye orodha. Nikabadilisha tundu, wapi. Bado nahangaika, kaka akapiga simu: "Mdogo wangu, umeifanya nini laptopu yangu? Kioo cheusi, kimeandika grub tu."

Fundi mmoja mjini alinihakikishia kwamba diski ni mbovu na laptopu ipigwe Windows upya, elfu ishirini. Nashukuru sikuwa nayo.

Kumbe tatizo lilikuwa hili. Kompyuta ya UEFI, yaani mfumo wa kuwashia wa kompyuta za siku hizi, ikiwaka hutafuta kwanza faili dogo la kuwashia (la Mint huitwa grub), lililo kwenye kizigeu, yaani kipande cha diski, chenye mpangilio wa FAT32 kiitwacho EFI. Kisakinishi cha Mint, kile kilichorithiwa kutoka Ubuntu, kina kasoro ya siku nyingi: hata ukikielekeza diski ya nje, faili hilo hukimbilia kuliweka kwenye EFI ya diski ya ndani. Yaani nyumba nimejenga kwangu, ufunguo nimeuacha kwa jirani. Mikindani nilifika sina ufunguo, na kaka kabaki na ufunguo wa nyumba niliyoondoka nayo.

Kaka nilimwambia aandike exit kisha abonyeze Enter. Windows yake ikaja, akapoa.

Jioni nikarudi Shangani. Kwa kuwa pale diski ilikuwa bado inawaka, niliingia Mint yenyewe, nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri. Amri ya lsblk -f ilinionyesha kwamba diski yangu ina EFI yake, MB 500 na ushei, tupu. Jina lake kwangu lilikuwa sdb1. Angalia yako kwanza, usinakili.

sudo umount /boot/efi
sudo mount /dev/sdb1 /boot/efi
sudo grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable
sudo update-grub

Lile --removable ndilo lenye kazi. Linaweka faili kwenye folda ya EFI/BOOT kwa jina BOOTX64.EFI, mahali ambapo kompyuta huchungulia hata kama haijawahi kuiona diski hiyo. Kwa kaka nikafuta ile njia ya kuwashia iliyoandikwa ubuntu kwa amri ya efibootmgr, laptopu ikarudi kuwaka Windows moja kwa moja.

Kesho yake Mikindani ikawaka, lakini nusu. Ikahesabu sekunde 90, ikanitupa kwenye skrini ya dharura. Hapa ndipo nilipokasirika kweli, maana kwa kaka isingeonekana kamwe: faili la /etc/fstab, linaloorodhesha vizigeu vya kufunguliwa mfumo ukiwaka, lilikuwa bado linaisubiri EFI ya laptopu yake kwa UUID, yaani namba yake ya utambulisho. Bahati fleshi ya Mint ilikuwa mkobani. Nikawasha nayo, nikaweka UUID ya EFI yangu kwenye mstari wa /boot/efi, nikawasha upya. Katibu, mama mtu mzima ambaye muda wote alikuwa ananisubiri na daftari lake, akasema, "Haya mwanangu, sasa tuhesabu hisa."

Tangu hapo imewaka kwenye kompyuta nne. Moja ilinilazimu kuzima Secure Boot, ulinzi unaokataa kuwasha mfumo usioutambua, na hapo muulize kwanza mwenye mashine: kama Windows yake imefungwa kwa BitLocker, kufuli lake la diski, inaweza kudai namba ya siri ya tarakimu 48 ambayo wengi hawajui waliihifadhi wapi.

Kama ndiyo kwanza unaanza na laptopu inafunguka kirahisi, chomoa diski ya ndani kabla ya kusakinisha. Utajiepusha na yote haya.

Kwenye tundu la bluu la USB 3 inakimbia, sioni tofauti na diski ya ndani. Kwenye USB 2 ni uvumilivu, LibreOffice inafunguka huku unakunywa chai. Kasha lenyewe sina sifa nalo: waya umelegea, ukiusukuma kidogo mfumo unaganda papo hapo. Nimeufunga kwa raba mpaka nipate mwingine.