Ferrari World Abu Dhabi: Formula Rossa ipande, Flying Aces irudie

Wengi wanaokata tiketi ya Ferrari World wanafuata namba moja tu: kilomita 240 kwa saa. Ndiyo kasi ya Formula Rossa, rolakosta (treni ya burudani inayokimbia relini) maarufu ya hapa, na tangu bustani hii ya burudani ilipofunguliwa kwenye Kisiwa cha Yas, Novemba 2010, hiyo ndiyo sifa inayotajwa kwanza. Sifa ni ya kweli na inastahili safari. Ila kwa mpenzi wa rolakosta anayepima mzunguko mzima, tangu kutoka kituoni hadi breki za mwisho, mashine bora ya hapa ni Flying Aces. Ukilijua hilo mapema, utajua foleni ipi uipange mara moja na ipi uirudie.

Tuanze na Formula Rossa, maana ndiyo inayoulizwa kila siku. Imejengwa na Intamin, kampuni iliyojenga pia rolakosta ya Kingda Ka ya New Jersey, Marekani, ambayo tangu 2005 ilikuwa ikiongoza kwa kasi ya kilomita 206 kwa saa. Formula Rossa iliipiku kwa mbali. Njia yake ina urefu wa kama kilomita mbili, kilima kikubwa kina mita 52, na ramani yake imechorwa kwa kufuata umbo la uwanja wa mbio za magari wa Monza, Italia. Kwa hiyo usitegemee kupinduliwa kichwa chini: hakuna hata mara moja. Saudi Arabia nayo, kule Qiddiya karibu na Riyadh, imejenga Falcons Flight iliyobuniwa kufika kilomita 250 kwa saa, pia kazi ya Intamin, lakini ile inasukumwa kwa sumaku. Formula Rossa inavutwa kwa haidroliki, na tofauti hiyo mwili unaihisi.

Mrusho wenyewe unafanyika hivi. Pampu zinasukuma mafuta ya haidroliki kwenye matangi yenye gesi ya naitrojeni, na gesi inabanwa hadi inahifadhi nguvu, kama mpira wa manati uliovutwa. Treni inasogezwa taratibu hadi mahali pake, kisha kitoroli kinachokimbia katikati ya reli kinaing'ata kwa chini. Valvu zikifunguka, mafuta yanazungusha mota, mota zinazungusha ngoma ya winchi, na waya wa chuma unakivuta kitoroli pamoja na treni. Kutoka sifuri hadi 240 ni sekunde 4.9. Piga hesabu: ni mwongezeko wa kasi wa wastani wa takriban 1.4 G, yaani mara 1.4 ya mvutano wa dunia, umekandamizwa kwenye kiti muda wote huo bila kupumzishwa. Mwishoni unakwenda karibu mita 67 kila sekunde. Kitoroli kinabaki nyuma, treni inaendelea kwa nguvu iliyokwisha kupata.

Ukiwa bado kituoni, sikiliza. Kuna ukimya mfupi baada ya treni kutulia, halafu unahisi mtikisiko mdogo chini ya kiti pale kitoroli kinapoishika. Hapo ndipo pa kuegemeza kichwa kabisa kwenye kiti. Asiyejua huinamisha shingo kuangalia mbele, na mrusho unampigiza kichwa nyuma. Shingo nyingi zinazouma baada ya Formula Rossa chanzo chake ni hicho tu: kichwa kilikuwa sentimita chache mbali na kiti.

Baada ya mrusho, upepo ndio unaotawala. Kani ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi, yaani kwenye 240 ni mara nne ya ile ya 120. Mashavu yanapepea, kupumua kwa mdomo wazi kunakuwa kazi. Pumua kwa pua, mdomo ufunge. Miwani ya kinga ni lazima, hupandi bila kuivaa, na sababu si kupendeza kwenye picha: hii ni nchi ya jangwa, na chembe ya mchanga au mdudu anayekupata kwa kasi hiyo anaweza kuumiza jicho. Kaza ule mkanda wa mpira nyuma ya kichwa kabla kizuizi cha mapajani hakijashuka, kwa sababu kikishashuka mikono haifiki vizuri. Miwani ikiacha upenyo mdogo tu kwenye pua, upepo unaingia, macho yanajaa machozi, na unakosa kuiona nusu ya safari.

Mavazi nayo yana neno lake, hasa kwa Waswahili wa Ghuba na wanaokuja kutembea wakiwa na mavazi yao ya kawaida. Mtandio unaoning'inia haufai kwenye mashine yoyote ya kasi. Vaa hijabu ya kuvuta iliyobana, au ingiza ncha zote ndani ya nguo iliyofungwa hadi shingoni. Pini usizitegemee. Kanzu na abaya havikatazi kukaa kitini, lakini kitambaa kikijikunja chini ya kizuizi cha mapajani kinazuia kishuke inavyotakiwa, na mhudumu atakusimamisha. Suruali ndani yake inarahisisha mambo. Ndala, kofia, simu na funguo viache kwenye kabati la kufuli. Simu mfukoni siyo salama hata kama mfuko una zipu, na ikichomoka inaweza kumpiga aliye nyuma yako.

Treni moja inabeba watu 16: behewa nne, kila moja safu mbili za watu wawili wawili. Safu ya kwanza kabisa ndiyo yenye upepo wote na mchanga wote, na ndiyo inayotakiwa na kila mtu. Kwa anayepanda mara moja, isubirie. Tofauti kati yake na safu ya tatu ni kubwa. Mrusho ni uleule popote ukaapo, kwa kuwa treni nzima inavutwa kwa pamoja. Safu za nyuma zina faida kwenye vilima, kwa sababu mbele ikishaanza kushuka inaivuta nyuma kupita kilele kwa kasi, na mwili unainuka kitini.

Upungufu wake? Yote makubwa yanatokea mwanzoni. Baada ya kilima kikubwa, kinachobaki ni kona ndefu na vilima vichache, na kasi inazidi kupungua bila kuongezwa tena. Kona zinapendeza, zimelala vizuri, lakini hazina mshangao. Ukishuka, kinachobaki mwilini ni zile sekunde tano.

Flying Aces ni kinyume chake. Ilifunguliwa 2016, nayo ni ya Intamin, na imepewa hadithi ya Francesco Baracca, rubani wa Italia wa Vita ya Kwanza ya Dunia ambaye farasi mweusi aliyechorwa kwenye ndege yake ndiye aliyekuja kuwa nembo ya Ferrari. Kasi yake ni kilomita 120 kwa saa tu, nusu ya jirani yake, lakini hakuna sehemu iliyolala. Treni inavutwa kwa waya kupanda mteremko wa nyuzi 51, na inapanda haraka. Aliyezoea vilima vya mnyororo vinavyokwenda taka-taka-taka atashtuka. Kilele ni mita 63. Viti viko vinne kwa safu, na viwili vya pembeni vimetokeza nje ya reli kama vilivyo kwenye bawa, hakuna sakafu chini yako.

Kisha kinakuja kile kitanzi. Kina mita 52, na ndicho kirefu kuliko vyote duniani vya aina yake: reli inajisokota inapokaribia juu, hivyo treni inafika kileleni ikiwa wima, kichwa juu, wakati mwili ulishajiandaa kupinduliwa. Kutoka kasi ya 120 chini, urefu huo unakula karibu nishati yote, kwa hiyo unavuka kilele polepole, chini ya kilomita 60 kwa saa, ukiuona mji wote wa Yas. Halafu unatupwa upande wa pili. Hakuna rolakosta nyingine ya bustani hii inayokupa nafasi ya kuogopa kwa utulivu namna hiyo.

Kaa kiti cha pembeni, nyuma. Viti vya katikati ni vizuri kwa anayetaka safari laini, kwa sababu vya nje viko mbali na reli na kila mtikisiko unaongezeka kadiri unavyotoka katikati. Mwenye mgongo mgumu achague katikati. Mwenye afya asikubali kupangiwa katikati bila kuomba. Mwambie mhudumu kwa adabu kwamba utasubiri treni inayofuata.

Turbo Track, ya 2017, ni fupi mno lakini isikupite. Inapanda wima ndani ya mnara unaotoboa paa jekundu la bustani, hadi mita 64, inasimama hewani kwa muda mfupi sana, kisha inashuka kinyumenyume. Huo muda wa kusimama ndio bidhaa yenyewe: unaelea kweli. Fiorano GT Challenge ya Maurer Rides ya Ujerumani ina njia mbili zinazoshindana, treni zikiwa na umbo la Ferrari F430 Spider, na kasi inafika 95. Ukipata nafasi, panda zote mbili. Inasukumwa tena katikati ya safari, ndiyo maana haichoshi. Kwa anayeanza mambo haya, aanzie hapa kabla ya kuigusa Formula Rossa.

Mission Ferrari, iliyoanza 2023, iko ndani kabisa, gizani, na ina sehemu ambapo gari zima linadondoka kiubavu. Ni maonyesho zaidi kuliko mbio. Mashine yenye viungo vingi namna hii husimama mara kwa mara, kwani skrini, taa na jukwaa linalosogea vyote vinapaswa kukubaliana kabla gari halijaruhusiwa kuendelea.

Kupanga siku: mlango ukifunguliwa, nenda Formula Rossa moja kwa moja, hata kama siyo unayoipenda zaidi. Iko nje, na upepo mkali, vumbi au mvua vinaifunga bila onyo. Asubuhi mara nyingi hali ya hewa ni tulivu. Pia foleni yake inakwenda polepole kutokana na ule mfumo wa kuvuta: kila mrusho unasubiri kitoroli kirudi na matangi yajae. Hesabu watu walio mbele yako, gawanya kwa 16, upate idadi ya treni; tazama saa kati ya treni mbili, zidisha. Ikiwa ni watu 160 na treni inaondoka kila baada ya dakika mbili, umebakiwa na dakika 20. Ni hesabu ya kuaminika kuliko ubao wa foleni.

Ikisimama kwa hitilafu, usiondoke wala using'ang'anie kabla ya kutazama reli. Joto la mafuta, shinikizo la gesi au kihisio kimoja kisichosoma vizuri hutosha kuifanya kompyuta ikatae kurusha, na mara nyingi hurekebishwa upesi. Treni tupu zikianza kurushwa moja baada ya nyingine, ni majaribio ya mwisho: baki hapo. Kukiwa kimya na mafundi wanatembea kando ya njia ya mrusho, nenda Flying Aces, urudi baadaye.

Baada ya Formula Rossa panda Flying Aces mara mbili kabla ya saa sita mchana, kisha jua likiwaka ingia ndani kwenye Mission Ferrari, ambako kuna kiyoyozi. Flying Aces irudie magharibi, taa zikiwaka. Kuanzia Mei hadi Septemba joto la mchana linapita nyuzi 40 na nje hakukaliki. Novemba hadi Machi ndio msimu wenyewe. Jumamosi na Jumapili ndizo siku za mapumziko ya Falme za Kiarabu tangu 2022, hivyo Jumanne na Jumatano kuna nafasi zaidi. Ramadhani saa za kufungua hubadilika, na wiki ya mashindano ya Formula 1, ambayo uwanja wake wa Yas Marina uko jirani kabisa, barabara na hoteli za kisiwa hujaa. Tiketi ya kupita foleni ina maana siku hizo za msongamano. Siku ya kawaida katikati ya wiki ni kupoteza pesa bure.

Watoto wapimeni urefu kwanza nyumbani, bila viatu. Chini ya sentimita 140 Formula Rossa haimpokei mtu, na mtoto aliyeahidiwa halafu akakataliwa mlangoni anaharibikiwa siku nzima. Wadogo wana Bell'Italia, gari za kutembea polepole katikati ya Italia iliyojengwa kwa udogo. Mjamzito, mwenye matatizo ya moyo, shinikizo la damu, mgongo au shingo, abaki na mashine za polepole.

Kula kabla ya kuingia au baada ya rolakosta za nje, siyo katikati. Mamma Rossa wanapika vyakula vya Kiitaliano na viti vipo, lakini bei ni za bustani. Yas Mall imeungana na bustani na ina chaguo zaidi, ila uliza kwanza mlangoni kama tiketi yako inakuruhusu kutoka na kurudi siku hiyohiyo. Anayepita Abu Dhabi kwa ndege, uwanja wa Zayed uko karibu sana kwa teksi. Kwa saa sita za kusubiri ndege na ruhusa ya kuingia nchini, Formula Rossa na Flying Aces zinawezekana. Zikiwa nne, baki uwanjani.