Filamu angavu ya kulinda rangi ya gari: uzoefu wangu na kazi ya fundi

Gari langu ni jeusi, boneti yake ni pana, na sehemu kubwa ya safari zangu hupita katika barabara kuu ambako malori hutangulia na kurusha kokoto nyuma yao. Kwa sababu hiyo niliamua kulivalisha filamu angavu ya kulinda rangi likiwa bado jipya, na sasa, baada ya kulitumia katika mvua, vumbi na jua kali, nadhani maoni yangu yana uzito kuliko yale yanayotolewa siku gari linapotoka karakana likimetameta. Hukumu yangu ni kwamba filamu yenyewe hutimiza sehemu kubwa ya inayoahidiwa, lakini thamani ya unacholipia imo zaidi katika mikono ya fundi kuliko katika jina lililochapishwa kwenye boksi, na hilo ndilo jambo ambalo wauzaji hulizungumzia kidogo mno.

Filamu hii ni utando wa poliurethani, aina ya plastiki inayonyumbuka, wenye gundi upande wa ndani na koti jembamba la juu linalozuia madoa na kung'arisha. Unene wake huwa kati ya maikroni 150 na 200 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ilhali koti la mwisho la rangi ya gari, ambalo mafundi huliita klia, kwa kawaida huwa na maikroni 40 au 50 tu. Wazo lenyewe lilitoka jeshini: wakati wa vita vya Vietnam, helikopta za Marekani zilibandikwa utando wa aina hii kwenye kingo za mapanga yake ili mchanga na vifusi visiyale. Nayataja haya kwa sababu watu wengi, na hata baadhi ya wauzaji, huichanganya filamu na koti la seramiki. Seramiki ni kimiminika kinachopakwa na kukauka, unene wake ni mdogo sana, na kazi yake ni kurahisisha usafi na kuongeza mng'ao. Kokoto inayokuja kwa kasi haiwezi kuzuiwa na kitu chembamba kiasi hicho. Anayekuuzia seramiki akisema itazuia rangi isimeguke, muulize itaizuia kwa kutumia nini.

Katika kuchagua, swali la kwanza nililouliza lilikuwa filamu imetengenezwa kwa kitu gani. Sokoni zipo zinazotengenezwa kwa PVC, plastiki ya aina nyingine, ambazo ni za bei nafuu zaidi, lakini huwa ngumu, hazinyumbuki vizuri kwenye mikunjo ya bampa, na huwahi kugeuka njano na kupasuka zikikaa juani. Filamu za poliurethani za zamani pia zilikuwa na sifa mbaya ya kugeuka njano, na ndiyo maana bado utakutana na watu wanaoapa kwamba hawatabandika kitu chochote kwenye gari lao. Zile za kisasa zilizo bora zimepiga hatua kubwa katika jambo hilo. Niliomba kipande cha mfano, nikakivuta kwa mikono miwili kisha nikakiachia. Kilirudi katika umbo lake polepole bila kubaki na makunyanzi, na hapo nilitosheka zaidi kuliko kwa maelezo yote ya kwenye kijitabu. Dhamana nayo inafaa kusomwa hadi mwisho, kwa maana hati nyingi hufidia kugeuka njano, kupasuka na kubanduka, lakini hazifidii tundu lililotobolewa na jiwe. Ulizia pia kama inalipia kazi ya kubandua na kubandika upya au inatoa filamu peke yake, kwani tofauti ya hapo si ndogo.

Nilichagua kufunika sehemu ya mbele yote: boneti nzima, bampa, fenda, taa, vioo vya pembeni, na vizingiti vya chini ya milango ambavyo magurudumu ya mbele huvipiga kwa mchanga. Wapo wanaofunika theluthi ya mbele tu ya boneti ili kupunguza gharama. Sikulipenda wazo hilo, kwa sababu mstari ambapo filamu inaishia hukusanya uchafu na nta, na katikati ya boneti hakuna mahali pa kuuficha. Ziada ndogo ambayo nimeifurahia sana ni vipande vya ndani ya vitasa vya milango, pale kucha na pete zinapokwaruza kila siku, pamoja na ukanda wa juu ya bampa la nyuma ambapo mizigo huburutwa wakati wa kupakia.

Nikija kwenye kazi yenyewe, karakana niliyoitumia ilinivutia kwanza kwa jambo dogo: chumba cha kubandikia kilikuwa kimefungwa, na sakafu ilimwagiwa maji ili vumbi lisipeperuke. Kabla filamu haijatolewa kwenye rola, gari lilioshwa, likapuliziwa dawa ya kuyeyusha chembe za chuma zinazoganda kwenye rangi, likapitishwa udongo laini wa kusafishia, kisha likapigwa polishi ili kuondoa mikwaruzo midogo ambayo hata gari jipya hufika nayo kutoka bandarini na kwa muuzaji. Maandalizi haya yalichukua muda mrefu, na fundi hakuyaonea haya, kwani chochote kinachobaki juu ya rangi, iwe unywele, tone la nta au mkwaruzo wa mviringo, hufungiwa chini ya filamu na kukaa hapo kwa miaka. Karakana inayoahidi kupokea gari asubuhi na kulirudisha kabla ya chakula cha mchana likiwa limevalishwa sehemu yote ya mbele inafupisha kitu fulani, na mara nyingi ni hatua hii.

Ukataji una njia mbili. Kuna vipande vinavyokatwa na mashine inayoongozwa na kompyuta kufuata vipimo vya modeli ya gari, na kuna filamu inayotandazwa nzima juu ya gari kisha ikakatwa kwa wembe papo hapo. Njia ya kwanza haileti wembe karibu na rangi, ila huacha ukingo mwembamba usiofunikwa. Ya pili huruhusu fundi kukunja filamu hadi nyuma ya ukingo wa boneti au fenda, kiasi kwamba mstari hauonekani, lakini mkono ukikosea, alama ya wembe hubaki kwenye rangi. Fundi wangu alichanganya njia hizo: alitumia vipande vya mashine vilivyoongezwa upana pembezoni, akavikunja. Naona huo ndio uamuzi wenye busara zaidi, ingawa unadai uvumilivu.

Ubandikaji hufanywa kwa maji. Rangi na upande wa gundi hunyunyiziwa maji yenye sabuni kidogo, mara nyingi ile shampuu ya watoto, ili filamu iteleze na kurekebishwa. Ikishakaa mahali pake, kingo hunyunyiziwa maji yaliyochanganywa na spiriti ili gundi ishike, na maji yaliyobaki hukamuliwa kwa kibao cha mpira kuanzia katikati kuelekea nje. Kwenye boneti kazi hii inaonekana rahisi. Ustadi hudhihirika kwenye bampa, lenye mashimo ya hewa na pembe zinazokunja pande mbili kwa wakati mmoja, ambapo filamu ikivutwa mno hubaki na michirizi isiyofutika, na isipovutwa vya kutosha hukunjamana na kuinuka baadaye. Nembo ya mbele iliondolewa na kurudishwa baada ya kazi. Kukata filamu kuizunguka nembo ni njia ya mkato, na uchafu unaojikusanya hapo huionyesha waziwazi.

Wakati wa kukabidhiwa gari niliomba tochi, nikakagua kila paneli kwa kuimulika kutoka pembeni, kwa sababu mwanga wa moja kwa moja huficha kasoro. Niliona vifuko vya maji kadhaa, ambavyo fundi alieleza kwamba vingekauka vyenyewe, na ni kweli vilikauka. Kifuko cha maji hutofautiana na chembe ya vumbi: cha maji ni laini na husogea kikibonyezwa, ilhali chembe ni kidoto kigumu kisichohama. Chembe chache ndogo zilikuwepo na nilizikubali, kwa kuwa sijawahi kuona kazi isiyo nazo kabisa. Jambo ambalo sikulikubali ni mkunjo mdogo kwenye pembe ya bampa, na hicho kipande kilibanduliwa na kubandikwa kingine bila mabishano. Niliambiwa nisilioshe gari kwa wiki nzima, na baada ya hapo nisielekeze mashine ya maji ya presha kwenye kingo kwa karibu.

Katika matumizi, faida kubwa iko pale nilipoitarajia. Boneti na bampa vimepigwa na kokoto mara nyingi, na nyingi kati yake hazikuacha kitu. Baadhi ziliacha kishimo kidogo kwenye filamu, na moja, iliyokuwa kubwa, iliitoboa bampani, lakini rangi ya chini ilisalimika. Mikwaruzo myepesi ya kitambaa hupotea gari likikaa juani au likimwagiwa maji ya moto, kwa kuwa koti la juu hulainika kwa joto na kujisawazisha. Wauzaji hulieleza hili kana kwamba filamu hujitibu kila jeraha, na si kweli: mkato uliopita koti la juu hubaki pale pale. Vilevile kinyesi cha ndege na mabaki ya wadudu bado vinahitaji kufutwa mapema, kwani vikiachwa vikaiva juani vinatia doa filamu kama vinavyotia doa rangi, ijapokuwa ni heri doa liwe kwenye kitu kinachoweza kubadilishwa.

Kasoro ninayoiona mimi, na ambayo mwenye gari la rangi nyeupe huenda asiione, ni kwamba uso wa filamu una mawimbi hafifu kama ganda la chungwa, hivyo taa zinapoakisiwa kwenye boneti, kingo zake si kali kama zinavyoakisiwa kwenye mlango usiofunikwa. Kwenye rangi nyeusi tofauti hiyo ipo kwa anayeitafuta. Mstari mwembamba wa vumbi pia hujitokeza mahali ambapo ukingo haukuweza kukunjwa, hasa kuzunguka taa, nami huuondoa kwa brashi laini kila ninapoosha gari.

Kwa gari lililopakwa rangi upya ningemshauri mtu atafakari sana. Rangi ya gereji isiyoshika vizuri huweza kung'oka pamoja na filamu siku ya kuibandua, hata fundi akitumia joto na kuivuta taratibu, na rangi mpya inahitaji kupewa muda ikauke kabisa kabla ya kufunikwa. Anayetafuta mng'ao tu naye hana haja ya filamu. Polishi nzuri na seramiki vitamtosha. Kwangu mimi, gari linalofuata nitalifunika sehemu zilezile kwa fundi yuleyule, nikiongeza paneli za nyuma ya magurudumu ya nyuma, ambazo sikuzifunika na sasa zimejaa vidoa vya kokoto. Paa na milango nitaviacha.